Kigoda cha Mgeni

Juzi sokoni nilinusa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Utotoni, mimi na mama tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Goweko. Mama aliniacha kwa jirani, akasema anakwenda dukani kununua chumvi. Hakurudi.

Nyumba ile walinifanya mgeni. Watoto wao wanne walikula chini huku wakifokewa. Mimi nilikaa kwenye kigoda, nikichaguliwa mnofu. Nilikichukia kigoda kile!

Siku moja tulipanda wote juu ya paa kuiba michembe iliyoanikwa. Paa likabomoka, tukaangukia kuku. Mke wa jirani akaja na fimbo, akawachapa wenzangu mmoja mmoja. Alipofika kwangu akasita. Nikageuka, nikamsogezea makalio.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Akanichapa mbili.

Mumewe akashangaa. "Hata mgeni?"

"Mgeni yupi?"

Jioni nilikula chini, nikigombania mboga na wenzangu. Mama yao akaonja, akanikazia macho.

"We mtundu, mboga haina chumvi. Kimbia kaombe kwa jirani."

Nilikwenda mbio, nikarudi nayo.