Magunia Mawili ya Mchanga

Hakuna gari lililowahi kumridhisha Klachi, na hilo alikuwa anajisifia kama mtu anayejisifia kwamba hajawahi kuugua. Kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mbili, ukurasa wa kumi na sita wa gazeti, chini ya picha yake ya enzi zile bado ana nywele, aliyavua magari ya watu nguo hadharani. Hili limelegea viuno, lile linakula mafuta kama limetoka kifungoni, hili nalo breki zake ni za kuomba Mungu. Wasomaji walikuwa hoi kwa kicheko. Waliokuwa na magari hayo hayo walicheka pia, kisha wakaenda kuyatazama vibaya uani.

Ukurasa huo aliupata kwa ubishi. Alikuwa dereva wa malori, akaandika barua gazetini kulisema gari la gazeti lenyewe, kwamba linatoa moshi mwingi kuliko habari. Mhariri akacheka mpaka akamwita. Tangu siku hiyo akawa Klachi, jina lake la kuzaliwa likafa. Hata kadi za mialiko zilikuja zimeandikwa "Bwana Klachi na mkewe", na ziliendelea kuja hivyo hivyo miaka sita baada ya mkewe kufariki.

Upimaji wake ulikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, hasomi kijitabu cha maelezo. Vijitabu, alisema, ni vya watu waliojifunza gari kwa kuambiwa. Ya pili, magunia mawili ya mchanga kwenye buti, halafu mlima wa tangi la maji, wenye kona mbaya pale juu karibu na meza ya fundi viatu. Gari likipanda na mchanga wake bila kunung'unika, ataliandika vibaya kidogo. Likinung'unika, limekwisha. Magunia yenyewe aliyatunza barazani, yamefungwa kamba vizuri, na ole wake atakayeyakalia.

Aliishi na binti yake, mtoto wake pekee, ambaye alikuwa mkunga. Kazi ya binti ilikuwa kuwafuata wajawazito na waliojifungua majumbani, huko kwenye vichochoro vya nyuma ya soko, ambako nyumba zimebanana hata nguo ya jirani inakukaushia uso ukipita. Alikwenda kwa miguu, mkoba mmoja begani, na mvua ikinyesha aliufunika mkoba kwanza kabla ya kichwa chake. Sasa kliniki yao ilikuwa imeruhusiwa kununua gari. Moja tu. Walikuwa wanachagua kati ya pikapu kubwa na kigari kidogo cha mjini, injini yake nyuma.

Muuguzi mkuu, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja, alikuwa shabiki wa Klachi wa kufa na kupona. Kurasa zake alizikata na kuzibandika ukutani juu ya mizani ya watoto. Akamwambia mkunga, "Mwambie baba akijaribu hicho kidogo. Akikisifu, hata nusu sifa, tunanunua. Akikiponda, tunachukua pikapu. Jumatatu natia saini."

Mkunga alirudi nyumbani siku hiyo anatabasamu peke yake. Alishakipanda kigari kile mara moja na muuzaji, wakaingia nacho hadi kichochoro cha mwisho kabisa. Akamwambia baba yake, "Baba, hiki kipime vizuri. Nakuomba. Hiki nakitaka."

"Mimi napima," Klachi akasema. "Kutaka ni kwako."

Jumatano kikaletwa. Rangi yake njano ya ndizi iliyoiva. Klachi alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akakitazama kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemtarajia.

"Ebo! Hiki ni gari au sanduku la kuhifadhia gari?"

Akafungua boneti ya mbele, mbele ya majirani watatu waliokwisha kusogea. Alijua kabisa injini iko nyuma, kila mtu alishamwambia. Lakini Klachi hakuwahi kuachia hadhira iende hivi hivi. Ndani mlikuwa na betri na chupa ya maji ya kuoshea kioo, basi.

"Jamani, nimeibiwa!" akapiga kelele. "Wameniletea gari limetolewa matumbo!"

Majirani wakashika mbavu. Mkunga alikuwa dirishani. Hakucheka.

Asubuhi hiyo alikiendesha mjini bila mzigo, na hapa ndipo pa kumshikia Klachi, maana kuna jambo lilitokea akalijua. Nyuma ya soko mkokoteni wa maji ulimzibia njia, pale kichochoro kinapopanuka kidogo tu. Akakata usukani bila matumaini, akijiandaa kwenda mbele na kurudi nyuma mara saba kama kawaida. Magurudumu ya mbele, kwa kuwa hayakuwa na injini ya kuyabana katikati, yakajikunja mpaka karibu yakingame njia. Kigari kikageuka pale pale, mara moja, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Mwenye mkokoteni akasema, "Loo!" Klachi naye midomo ilimcheza. Alisikia raha, raha ya kweli, ile ya dereva. Kisha akaona aibu ya kuisikia, akakunja uso, akaondoka. Na hilo hakuliandika. Hata neno moja.

Mchana akapakia magunia yake. Buti la kigari liko juu ya injini yenyewe, kijifuniko tu kinatenganisha, na pembeni ya mlango palikuwa na karatasi iliyobandikwa yenye picha ya gunia na alama ya kukataza. Klachi na karatasi zilizobandikwa walikuwa hawasalimiani. Akasukumiza gunia la kwanza, akalisindikiza la pili kwa goti. Kigari kikakaa makalio chini, pua juu, kinatazama mawingu. Mtoto wa darasa la pili angejiuliza kulikoni. Klachi akawasha.

Mlimani usukani ukawa mwepesi, mwepesi mno, anazungusha na hakuna linalosikia. Nyuma kulikuwa na injini na mchanga wote ule, mbele hakuna kitu, magurudumu ya mbele yanagusa lami kwa adabu tu. Kwenye kona akakata kulia. Kigari kikaenda mbele moja kwa moja, kikapanda ukingo wa barabara, kikasimama kiganja kimoja kutoka meza ya fundi viatu.

Fundi hakuinuka. Alikuwa na msumari mdomoni, akautoa taratibu. "Mzee, kama ulitaka kiraka ungeshuka tu."

Klachi aliogopa. Na mtu wa aina yake akiogopa, mtu mwingine lazima alipe. Alikaa mezani akaandika kwa kishindo: "Kigari hiki hakina mbele. Usukani wake ni pambo. Ukikata kona, unatoa maoni, uamuzi ni wa kigari. Anayempenda mke wake asimnunulie. Anayemchukia pia asimnunulie, kuna njia za heshima." Akaisoma mwenyewe kwa sauti, akacheka mwenyewe. Kazi nzuri, akajiambia. Akaipeleka.

Jumamosi asubuhi ukurasa ukatoka. Mkunga aliusoma akiwa amesimama jikoni, chai ikapoa. Akachukua ufagio mdogo akatoka kwenda kukisafisha kigari, maana muuzaji alikuwa anakuja kukichukua saa nne. Baada ya kitambo akarudi na kizoleo mkononi.

"Baba, mchanga huu wa nini?"

"Wa mlimani. Hujui napima vipi miaka yote?"

"Uliuweka wapi?"

"Kwenye buti. Mchanga unawekwa wapi, kwenye redio?"

"Magunia yote mawili?"

"Yote."

"Juu ya injini."

Jambo lenyewe lilimwingia Klachi lote kwa pamoja, pua ya kigari juu, usukani mwepesi, meza ya fundi. Dereva wa malori huyu, aliyepanga shehena maisha yake yote, aliyewatukana makuli kwa kuweka mzigo wote nyuma ya ekseli! Alijua. Nawaambia alijua, pale pale, kabla chai haijamezwa.

"Mkoba wangu una uzito wa mtoto wa mwaka mmoja," mkunga akasema. "Mimi sibebi mchanga, Baba. Mpigie muuguzi mkuu. Mwambie tu ilivyokuwa. Una leo na kesho."

"Gari linalochagua mzigo si gari," Klachi akasema.

Mkunga akaenda kumwaga mchanga nje.

Jumamosi ikapita. Jumapili Klachi alishika simu mara mbili, mara ya kwanza akaangalia saa, mara ya pili akafuta kioo chake kwa shati. Jumatatu saa tatu muuguzi mkuu akatia saini ya pikapu, akiwa ameubandika ukurasa mpya ukutani na bado anacheka peke yake pale kwenye "uamuzi ni wa kigari".

Pikapu ilikuja, ndefu, inang'aa. Klachi aliiandika vibaya kidogo tu, kwa hiyo kila mtu akaelewa ni gari la maana. Mkunga akawa anashushwa barabarani, halafu anatembea kama zamani. Tofauti ilikuwa moja: sasa muuguzi mkuu alimpangia nyumba nyingi zaidi, kwa kuwa ana gari.

Mwezi wa pili tangu pikapu ije, asubuhi ya mvua, dereva wa kliniki alikuwa na homa. Zikaja habari za mwanamke nyuma ya soko, uchungu umeshika, mimba ya kwanza. Klachi alikuwepo kliniki kwa maongezi yake. Akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Leo nakufikisha mpaka mlangoni," akamwambia bintiye.

"Haiingii, Baba. Nishushe barabarani, nitakimbia."

"Mimi ndiye ninayeendesha."

Iliingia. Hilo tumpe. Ilipita nyumba kumi na moja, ikakunja kona ya kwanza, na kwenye ya pili ikajibana kati ya ukuta na tangi la maji la mtu. Akarudi nyuma, ikakwaruza. Akaenda mbele, ikakwaruza upande wa pili. Mlango wa kwake ulikuwa umelalia ukuta. Wa mkunga ukafunguka kiasi cha kupita yeye, mkoba ukakataa, akauvuta kwa dirishani, ukanaswa kwenye kioo, akauvuta tena. Zikaenda dakika. Kisha akakimbia kwenye matope, nguo nyeupe ikiishia kuwa ya rangi ya kichochoro.

Klachi akabaki ndani. Hawezi kutoka, hawezi kwenda. Watu wakajipanga milangoni kwao kumtazama.

"Si ndiye yule wa gazetini?" mmoja akauliza.

"Hawezi kuwa yeye. Yule anajua magari."

Mkunga alirudi baada ya saa nzima. Alipenya, akakaa, mikono inanuka spiriti. Alitazama ukuta uliokuwa mbele ya kioo.

"Mtoto alinitangulia," akasema. "Amezaliwa sakafuni, na jirani asiyejua hata pa kushika. Nilimkuta mama anavuja damu. Nimeizuia. Wako hai wote wawili."

Klachi akasubiri atukanwe. Angetukanwa angejibu, kujibu alikuwa fundi. Lakini mkunga aliegemeza kichwa kwenye kiti akafumba macho, mkoba mapajani.

Jioni ile Klachi akaandika. Makala fupi kuliko zote alizowahi kuandika, hakuna hata mzaha mmoja ndani yake: kwamba kigari cha njano kilikuwa kizuri, kwamba kinageuka mahali ambapo gari jingine halipiti, kwamba magunia mawili ya mchanga yaliwekwa juu ya injini na aliyeyaweka ni yeye. Asubuhi akaipeleka mwenyewe kwa mkono.

Mhariri aliisoma amesimama. Akacheka kwanza, akidhani kichekesho kiko mbele. Alipofika mwisho akaikunja mara mbili.

"Mzee wangu, hebu acha utani. Watu wananunua gazeti wakusikie ukitukana. Hii nani atasoma? Niletee ile ya basi dogo, uipige vizuri."

Miaka ishirini na mbili Klachi alibishana na viwanda, na mafundi, na mawakala, na marehemu mkewe, na barua za wasomaji, na magari yenyewe yakiwa yamezimwa. Siku hiyo hakubishana. Alisema, "Sawa, bwana," akatoka, akaenda nyumbani kulipiga basi dogo.

Jumamosi watu wakacheka sana. Mkunga hakuufungua ukurasa wa kumi na sita. Alivaa viatu, akachukua mkoba, akapita barazani, na hapo akakalia magunia mawili ya mchanga ili afunge kamba za viatu vyake. Baba yake alimwona kutoka dirishani, akashusha pazia.