Kidole cha Mkwe Wangu

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mkwe wangu analisha mke na watoto wawili kwa kidole kimoja, cha shahada. Ni DJ katika ukumbi wa muziki ulio nyuma ya soko la viatu. Alipokuja kumposa binti yetu nilimuuliza anafanya kazi gani.

"Nachanganya nyimbo, Baba."

"Hata mtoto mdogo anachanganya," nikasema. "Chumvi na sukari."

Watu walicheka. Na yeye alicheka, tena kwa raha. Hapo nikajua huyu ni mtu wa hatari.

Mimi ni fundi cherehani. Shule sikwenda; herufi nilifundishwa na mke wangu, kwenye karatasi za kukatia nguo. Miaka arobaini na mmoja tulishona katika chumba kimoja, vyerehani viwili vya miguu vikitazamana. Changu mlangoni, chake dirishani. Alifariki mwaka jana, mwezi wa mvua. Chake nikakifunika shuka.

Mkwe wangu ana jina la kazi la kutisha, limeandikwa bangoni kwa rangi nyekundu. Mke wangu hakulitumia hata siku moja. Alimwita Mshono.

"Mshono wa nini," nilimuuliza, "na hajui hata kutunga uzi?"

"Wewe kaa hivyohivyo," alinijibu.

Nikakaa hivyohivyo. Nilikuwa mwanamume wa kauli moja, na kauli yenyewe ilikuwa hii: ukumbini sikanyagi. Miaka tisa sikukanyaga. Mke wangu kila Jumamosi mchana alitoka na mfuko, anawapelekea wateja nguo zao. Nilimsifu kwa majirani kwa bidii hiyo. Sikujiuliza kwa nini mfuko ulitoka umejaa na kurudi umejaa.

Miezi miwili iliyopita, Jumatatu, mkwe alikuja akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

"Hakuna. Bosi mpya amenunua kompyuta. Inachanganya nyimbo yenyewe. Unabonyeza, unakwenda kunywa chai."

"Basi umepata nafasi ya chai."

Safari hii hakucheka. Nikaweka mkasi chini.

Akanieleza. Jumamosi saa kumi alasiri, nusu saa itapiga kompyuta, nusu saa atapiga yeye. Wateja wataamua kwa miguu yao. Akishindwa arudishe funguo za ukumbi.

"Sasa mimi nifanye nini? Nikushonee suruali ya kufukuziwa kazi?"

"Naomba ruhusa, Baba." Akatoa simu mfukoni, akaishika kama yai. "Humu mna sauti ya vyerehani vyenu. Chako na cha Mama. Alinirekodia yeye mwenyewe."

Ndipo nilipojua nguo zangu zilikuwa zinapelekwa wapi. Kila Jumamosi, kabla ukumbi haujafunguliwa, mke wangu alikaa juu ya kreti la soda akimsikiliza kijana akijifunza kuunga wimbo na wimbo. Mahali mshono ulipoonekana alimwambia. Hapa umevuta. Hapa umekunja. Rudia.

"Nataka kuviweka chini ya ngoma," mkwe akasema. "Kompyuta haina kitu kama hicho. Ila sijaupiga huo mkanda tangu Mama aondoke. Ni sauti yenu, si yangu. Ukisema hapana, naufuta."

"Hapana," nikasema. Kauli yangu ilikuwa imezoea kazi.

"Sawa, Baba." Akatoka akirudisha mlango polepole, kama anayemwacha mgonjwa.

Jumanne na Jumatano nilishona. Alhamisi mteja akaja kuchukua shati lake. Lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Miaka arobaini na mmoja ya ufundi! Mteja aliligeuza, akaligeuza tena, akanitazama, akasema, "Pole na msiba, fundi." Akaenda nalo.

Ijumaa mchana nikavaa kofia, nikaenda ukumbini.

Palikuwa na harufu ya sabuni ya kudekia, na viti vimepinduliwa juu ya meza. Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma ya sahani zake mbili za kupigia nyimbo. Sahani moja inaimba kwenye spika, ukumbi mzima unasikia. Ya pili anaisikia yeye peke yake, kwenye sikio moja. Hii ya pili inakimbia kidogo. Anaigusa ukingoni kwa kidole, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto, inapunguza. Inachelewa, anaisukuma. Zikishalingana anaifungulia. Wimbo mmoja unaondoka na mwingine uko ndani, na hukuona mlango ukifunguliwa. Nilikuwa nimeng'ang'ania miaka tisa kutokuona kitu ambacho nakifanya kila siku kwenye kola.

Kreti la soda lilikuwa palepale. Nikakaa.

"Upige huo mkanda," nikamwambia.

Akaiunganisha simu na sahani. Kwanza ilitoka sauti ya mke wangu. "Haya, twende." Alikuwa akisema hivyo kila asubuhi, akiweka mguu kwenye pedali. Kisha vyerehani. Changu kinalia kama bawaba ya mlango, chake chepesi. Vinakwenda pamoja.

Nilitazama sakafu mpaka ulipokwisha. Kisha, ili niseme kitu, nikajisifu. "Umesikia alivyokuwa ananifuata?"

Mkwe akaanza kufuta sahani ambayo haikuwa na vumbi.

"Sema."

"Niwie radhi, Baba. Wewe ndiye uliyekuwa unamfuata."

"Mimi?"

"Sikiliza hapa." Akarudisha. "Umefika kwenye kona ya pindo, umepunguza. Yeye amekusubiri, kidogo tu. Sasa anakuvuta. Umesikia? Hapa umekimbia, amekushika." Akaweka kidole kwenye ukingo wa sahani. "Hivi. Ndivyo alivyonifundisha."

Kumbe miaka yote hiyo kiongozi alikuwa na kamba puani.

"Vipige kesho," nikasema. "Lakini ile 'haya, twende' niachie mimi."

"Ni yako, Baba."

Jumamosi kompyuta ilianza. Niseme haki: haikukosea. Niliutafuta mshono kwa jicho la fundi na kwa sikio la baba mkwe mwenye nongwa, sikuuona. Watu walitikisa vichwa, wakakaa, wakatazama simu zao.

Akaingia mkwe wangu. Alivitia vyerehani chini ya ngoma, kwa mbali, kama mvua ya jirani. Akaongeza. Halafu akaiondoa ngoma yote, tukabaki mimi na mke wangu. Miguu ya watu haikusimama. Dada mmoja mwenye viatu vya kumetameta akanipigia kelele sikioni, "Mzee, hiki ni chombo gani?"

"Cherehani. Tulikuwa tunakunja mapindo ya sare za shule."

"Mzee una vituko wewe!" Akaenda zake akicheka. Nilisema kweli nikawa mchekeshaji.

Mtu angedhani bosi alimpa mkwe wangu mkono. Thubutu! Bosi alitaka mkanda. Alisema kama siri ni vyerehani, basi kompyuta ivipige, na mkwe akampa. Kompyuta ikavitafutia mapigo. Lakini miguu ya fundi hupumzika kwenye kona ya pindo, na kompyuta haikujua kuna kona. Ngoma ikaenda mbele, sisi tukabaki nyuma, ikawa kama ndoo zinaporomoka ngazini. Watu wakasimama, wengine wakaziba masikio.

Bosi akaipiga kofi. "Nimeuziwa mbovu!"

Jumatatu akairudisha dukani. Mkwe wangu akabaki na funguo. Kuhusu kidole chake hakuna aliyesema kitu. Anakula kwa sababu kompyuta ni mbovu.

Jumapili anakuja kwangu kujifunza kushona. Shuka nililitoa mwenyewe. Anakaa dirishani, na mshono wake unapita kama njia ya mbuzi.

"Unakimbia, Mshono," nilimwambia juzi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. Akaondoa mguu kwenye pedali.

"Nikusubiri, Baba?"

"Usinisubiri. Shona."

Tukashona. Nilipofika kwenye kona nikasikia amepunguza mguu, kidogo tu. Nikajifanya sikusikia.