Aliyejibu Barua za Mlinzi

Ukitaka kucheka, cheka, lakini haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Singida mjini, tena jua likiwaka. Nayaandika kwa sababu kuyasema siwezi, utaona.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti. Seva ya barua pepe ni mzigo wangu. Wafanyakazi wana anwani humo, ila hawana akaunti kwenye kompyuta yenyewe. Ni majina tu niliyoyaandika. Hata mzee Ntandu, mlinzi wetu, alikuwa nayo. Alipofariki tukamzika kwao Ilongero, nami nikalifuta jina lake kwa mkono wangu.

Basi Neema, karani wetu, mjamzito, akaja kwangu mbio. Ameletewa barua na mzee Ntandu: "Njoo getini unisalimie." Unadhani aliogopa bure? Dereva wetu alipata barua hiyohiyo, akaenda. Tulimsikia akiamkia. Mpaka leo ukimuuliza lolote, hata jina la mkewe, anajibu shikamoo tu.

"Kaka, zizuie zisinifikie," Neema akaniomba. "Nikiisoma, miguu inataka kwenda yenyewe."

Nikaweka chujio: chochote cha mzee kisifike kwa Neema. Kukitupa niliogopa, nisije nikamkasirisha. Nikabuni mtumiaji asiyekuwepo, nikamwita Mgeni, barua zote za mzee ziangukie kwake. Nikajiona mjanja. Nani atasoma sanduku lisilo na mwenyewe?

Niamini, mchana uleule barua ikaingia kwa Mgeni. Naitazama hivi, ikaonyesha imeshasomwa. Kisha likatoka jibu: "Nakuja."

Nilichomoa waya wa seva, nikachungulia dirishani. Mzee Ntandu alikuwa getini, amekaa kwenye kigoda chake, na lile koti lake. Mbele yake alisimama kijana nisiyemjua, kanipa mgongo.

"Shikamoo," kijana akasema. Sauti ilikuwa yangu.

"Marahaba," mzee akaitikia, wakaondoka pamoja kuelekea barabarani. Nikageuka kumwita Neema. Kilichonitoka mdomoni ni shikamoo.

Barua za mzee hazijaja tena. Lakini wewe unayeshika kazi hizi, nakusihi, usimpe jina mtu ambaye hayupo. Hana chake, atachukua cha kwako.

Neema alijifungua salama, akaniletea mtoto nimbebe. Nilitaka sana kumwita kwa jina lake. Nikamwamkia, mtoto mchanga yule, na mama yake akalia.