Fundi Aliyemuuliza Mzee

Mimi Stellamaris mdomo wangu hauna breki, na mume wangu Wilfred tangu apigwe na kiharusi hana sauti. Mungu naye ana utani wake. Huu mwaka wa pili anaongea kwa kompyuta: anaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, herufi moja moja, nami nasoma kwenye kioo. Simu tulijaribu, lakini herufi zake ndogo na kidole kinatetemeka. Kwa hiyo mzee wangu akitaka kusema neno hapa mtaani kwetu Picha ya Ndege, analisema kwenye lile dude kuukuu la mezani.

Jumatatu moja likagoma. Ukibonyeza, feni inanguruma, linalia pii pii pii, kioo cheusi tii. Wakaja mafundi wawili. Wa kwanza alisema limekufa. Wa pili alisema hivyohivyo, ila kwa maneno mengi zaidi. Basi nikawa mimi ndiye ninayemsemea Wilfred: mzee ana njaa, mzee anasikia baridi, mzee leo hataki wageni. Siku tisa nilimtungia maneno mtu mzima na akili zake. Kila nikikosea aligeukia ukutani, na mwisho akawa hageuki tena upande wangu, amelala hivyo tangu asubuhi. Niliogopa jamani. Niliona nampoteza hivihivi namwangalia.

Jirani yangu Nuria akaniambia kuna fundi Kisarawe, anaitwa Pazi, huyo hashindwi. Nikapiga simu, akapokea mwanamke, nikamwambia ampe mumewe. Akacheka. Alisema Pazi ni jina la marehemu baba yake, lakini bisibisi ni zake yeye. Aibu niliyoipata, we acha tu.

Kesho yake akaja, Mwanahalima Pazi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amejitanda ushungi, begi mgongoni. Alimwamkia Wilfred kwanza, akangoja mpaka mzee alipoinua kidole kuitikia. Mimi nilishaanza kueleza: ilikuwa hivi, ikawa vile.

"Samahani mama," akasema, "naomba nimsikie baba."

Akavuta kigoda mpaka kitandani. Akamuuliza kama ilizimika akiwa anaandika. Wilfred akatikisa kichwa. Je, iliwahi kulia vile siku za nyuma? Akakubali. Na akiigonga ubavuni inawaka? Akakubali tena, uso wa mtu aliyekamatwa akilamba sukari ya kwenye kopo. Mimi nimekaa na hiyo mashine nyumba moja na sikujua hata nusu ya hayo.

Mwanahalima akasema basi hakuna kilichoungua, kuna kitu hakigusani vizuri. Akaondoa kitambaa changu cha kufuma, kile nilichokifunika vizuri mpaka nyuma, maana kwetu televisheni, redio na friji vyote huvikwa. Akakisifu sana, kisha akaniambia taratibu kwamba mashine ilikuwa inakosa hewa. Alipoifungua, vumbi lilikuwa limejaa kama pamba kwenye mto. Niliyekuwa naitunza ndiye niliyekuwa naiua.

Huku akipangusa kwa brashi ya rangi, alinisimulia. Kwao ni Chole, Kisarawe ya ndani, kwenye mihogo na mikorosho. Alipomaliza darasa la saba alipata kazi ya kufagia kwenye duka la kuchapa barua, karibu na ofisi za wilaya. Fundi wa pale alichukia vumbi, akamwachia yeye kufungua mashine na kuzisafisha. Miaka minne alifungua na kufunga, hadi mwenye duka alipong'amua kwamba zilizopita kwa mfagizi hazirudi na ubovu. Sasa shule na ofisi zinamwita, na masika bado anashuka Chole kulima na mama yake.

Akachomoa vipande viwili vya memori, ile kumbukumbu ya mashine, akasugua meno ya shaba ya vipande hivyo kwa ufutio wa penseli, ule wa watoto wa shule. Akavirudisha, vikalia ka! Akabonyeza. Kioo kikawaka. Nilipiga kigelegele peke yangu, majirani wakadhani kuna mchumba.

Tukamketisha Wilfred mezani. Nilijua ataanza na mimi, mke wake, niliyemlisha na kumgeuza siku zote tisa. Kidole kikatafuta, kikapata, kikatafuta tena. Tulisimama nyuma yake tukifuata kila herufi.

Akaandika: "Asante binti. Umeniuliza mimi."

Mwanahalima alijifuta macho kwa ncha ya ushungi. Mimi nililia waziwazi, kwa furaha na kwa kuchomwa, vyote pamoja. Hata kompyuta ilipokuwa nzima, ni mara ngapi nilimjibia kabla hajamaliza neno? Mungu ambariki binti wa Pazi, amenitengenezea zaidi ya mashine. Nikavuta kigoda chake, nikakaa karibu na mume wangu, nikamuuliza anataka kula nini. Nikafunga mdomo, nikangoja.