Hedifoni Kubwa Kuliko za Mke Mwenzangu

Naikumbuka siku aliyoingia wifi yangu Hadija uani kwangu, hapa hapa Rahaleo, Mtwara, bila hata kusubiri nimwitikie hodi. Nilikuwa nabangua korosho, mikono imeniiva kwa mafuta ya maganda, meusi ambayo hata sabuni haiyatoi. Akajibwaga kwenye kigoda, akapiga kofi moja la mapaja.

"Wifi, wewe endelea tu kubangua. Mwenzio ana amplifaya."

Mwenzio, mwanangu, ni Zaituni. Mume wangu Bakari, mfanyakazi wa bandarini, alikuwa ameoa mke wa pili, mtoto wa kijiji cha Kitaya, kampangia chumba upande wa pili wa soko. Zamu kwangu, zamu kwake, kama dini ilivyoelekeza. Nilikubali kwa mdomo. Moyo haukuulizwa.

"Amplifaya ya nini?" nikasema. "Kwani anafungua ukumbi wa harusi?"

"Ya hedifoni, wifi. Kaka anavaa masikioni, anakaa kwenye kiti kama sultani, anatabasamu peke yake. Hata kikombe cha chai anawekewa mkononi. Limbwata la siku hizi linauzwa na waya!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Kwangu Bakari alikuwa hatabasamu. Akija kwangu nilikuwa nazungumza naye kama nazungumza na gunia. Namwambia mvua imeingia jikoni, kimya. Namuuliza ubwabwa au ugali, kimya. Nikamwambia mara nyingi tu kwamba ana kiburi, kwamba ameoa mtoto mbichi sasa mimi mkongwe nanuka. Alikuwa ananitazama tu. Basi niliposikia kwamba kule anatabasamu, wivu ulinipanda kutoka nyayoni. Nikajua ninachopoteza si redio, ni mume.

Wakati ule, miaka ya mwanzo mwanzo ya elfu mbili, vitu hivyo havikuwa vingi Mtwara. Barabara ya Dar masika ilikuwa tope tupu, mizigo inakuja kwa kudra. Lakini msimu wa korosho ukifika, duka moja la karibu na soko lilikuwa linajaza redio, deki za CD, spika zenye taa. Na mimi nilikuwa na mikorosho Nanyamba, ya mama yangu, na kwetu mali ya mama inakwenda kwa binti, haimgusi mume wala mjomba wa mume. Nilipouza, sikuuliza mtu.

Nikamchukua Bi Somoe twende naye. Bi Somoe ndiye aliyenifunda unyagoni, na kwetu aliyekufunda hakuachi mpaka mmoja wenu azikwe. Anaweza kuingia chumbani kwako akakukosoa namna unavyokunja shuka.

Muuzaji alikuwa kijana mpole. Akatupangia vitu juu ya meza. Akaonyesha deki, akaonyesha kijisanduku kidogo cheusi, akasema, "Mama, ndani ya CD hamna sauti. Mna namba tu. Hiki ndicho kinazigeuza namba zikawa sauti. Halafu amplifaya inaipa sauti nguvu, halafu hedifoni inaileta sikioni."

"Namba zinaimba?" nikamuuliza.

"Zinaimba, mama."

"Basi nipe zinazoimba kuliko zote."

Kijisanduku kile vijana siku hizi mnakiita DAC, mnabishana juu yake kutwa nzima. Mimi niliuliza kitu kimoja tu: amplifaya aliyonunua yule mwanamke wa Kitaya ni ipi? Kijana akanyoosha kidole kwenye kijiamplifaya kidogo, kibaya, rangi ya majivu, kina vitufe viwili vya kuzungusha. Hedifoni zake nyepesi, sifongo tu.

Roho ikaburudika. Nikasema nataka ile kubwa ya juu, yenye taa za bluu, na hedifoni zile kubwa kama vifuu vya nazi.

"Sawa, lakini sikiliza kwanza, mama. Hizi kubwa zinataka nguvu nyingi, na kila mtu na sikio lake. Au mlete mzee mwenyewe aje ajaribu."

"Mimi sikuja kusikiliza. Nimekuja kununua."

Bi Somoe akanivuta kanga. "Mwali wangu, hata sidiria unaipima. Kitu cha masikioni mwa mtu unamnunulia kwa macho yako?"

"Somo, wahenga walisema mchagua jembe si mkulima."

"Wahenga hawakuwa na mke mwenza mwenye amplifaya," akasema. "Wewe unamnunulia Bakari au unamnunulia Zaituni?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikalipa, nikambebesha kuli mzigo, nikapita makusudi njia ya kule kwa Zaituni, taratibu, maboksi yaonekane. Nikamwona anatwanga. Akainua mchi, akatazama, akaendelea kutwanga. Hilo nalo likaniudhi.

Zamu yangu ilipofika, mchana nilipika samaki wa nazi, nikafukiza udi, nikamkalisha Bakari. Nikamvika zile hedifoni mwenyewe kwa mikono yangu. Taa za bluu zikawaka ukutani, nyumba ikawa kama meli. Nikaweka CD ya dansi la zamani alilokuwa akilipenda tangu anaposa. Nikazungusha sauti. Nikasubiri tabasamu.

Bakari akakunja uso. Akashika upande wa kulia kama mtu aliyeumwa na nyigu. Nikapunguza, akaniambia haisikiki. Nikaongeza, akaumia. Mwisho akazivua.

"Upande mmoja umekufa," akasema.

"Umekufaje, vitu vipya hivi?" Nikazivaa mimi. Kushoto tarumbeta, kulia magitaa, vyote vinalia. Nikamwambia zinalia. Akatikisa kichwa, na ndipo akasema neno ambalo, mwanangu, nimelibeba miaka yote hii.

"Cha kwa Zaituni hakina shida."

Sikungoja. Nikachukua hedifoni zangu, nikazitundika shingoni, nikatoka mchana kweupe na jua la utosini mpaka kwa Zaituni. Nilikusudia kumkabili. Nilikuwa nimeshaandaa na matusi, mengine ya Kimakonde kwa sababu Kiswahili hakitoshi.

Zaituni alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni.

"Karibu, dada. Umekuja na nira shingoni, unatafuta shamba la kulima?"

"Usinicheke. Umemfanya nini mume wangu? Vitu vyangu vya bei havisikii, takataka zako anazisikia. Umeweka nini humo?"

Akaacha kucheka. Akaweka ungo chini. "Ingia, dada, ujionee mwenyewe."

Kijiamplifaya kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Vile vitufe viwili, kimoja kilikuwa cha sikio la kushoto na kimoja cha kulia. Cha kulia kimezungushwa kidogo tu. Cha kushoto kimekwenda mbali, na pale kinapotakiwa kusimama Zaituni ameweka alama kwa rangi ya kucha, nyekundu.

"Sikio lake la kushoto ndilo hilo," akasema. "Halina nguvu tena. Yale mawinchi ya bandarini yamelimaliza. Hukujua, dada?"

Nikazivua zile hedifoni shingoni.

"Mimi nilimwona akilalia la kulia hasikii hata adhana. Nikimwita upande wa kushoto haniitiki. Nikampeleka dukani, nikambebea na ile CD yake anayoijua kila herufi, nikamkalisha. Alijaribu hiki, akajaribu kile, mpaka muuzaji akatuchoka akaanza kula chakula chake mbele yetu. Hicho kibaya ndicho alichokichagua. Mimi nilikuwa nataka chenye taa."

Mwanangu, wivu wa redio ni wivu mdogo. Unanunua kubwa zaidi, umepona. Huu ulikuwa mwingine. Mimi nimemzalia mtu yule, nimemwosha mama yake kwa mikono yangu alipokufa, halafu mtoto wa juzi anajua mwili wake kuliko mimi. Na kwangu mimi kwenye mkeka wa chakula nilikuwa nakaa kushoto kwake. Miaka yote ile. Kila neno langu lilikuwa linaangukia upande uliokufa, nami namwita mwenye kiburi.

Sikumshukuru Zaituni. Nitakudanganya nikisema nilimshukuru. Nilimwambia mchele wake una mawe, nikaondoka.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Somoe nikamwaga yote. Nilitegemea atamlaani mtoto wa watu. Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Mwali wangu, mwenzio hakukuzidi amplifaya. Kakuzidi kumtazama mtu. Wewe macho yako yamekaa nyumbani kwake, nyumbani kwako nani anatazama? Ondoka hapa, ukamshike mumeo mkono mwende dukani."

Nikamshika mkono, tukaenda. Muuzaji akakubali kubadilisha, kwa manung'uniko. Nikamkalisha Bakari kwenye stuli, nikakunja mikono, nikafunga mdomo, jambo ambalo kwangu ni kazi kuliko kupalilia. Akajaribu. Akavua, akavaa. Akazungusha kushoto, akazungusha kulia. Akachagua nini? Kile kile kibaya cha majivu, mwanangu. Kama cha Zaituni! Nikamuuliza muuzaji kama kipo cha rangi nyingine. Kilikuwepo cheusi. Nikasema basi hicho cheusi ndicho ninachokitaka.

Siku ile Bakari alikaa nyumbani kwangu, hedifoni za sifongo masikioni, kidole kinapiga goti. Na akatabasamu. Lilipokwisha lile dansi akazishusha shingoni, na mimi nikaandaa chakula. Nikabeba sahani yangu, nikazunguka, nikakaa kulia kwake.

Akanitazama. "Umehama?"

"Kule kuna jua," nikasema.

"Ubwabwa umekolea nazi," akasema yeye. Nikamjibu. Akanijibu. Tukala mpaka wali ukapoa, tunazungumza tu.

Sasa sikia, mwanangu unayetaka kununua vikasha hivyo vya kusikilizia nyumbani. Anza na sikio. Sikio halizidi kichwa, na kichwa ni cha mwenyewe, si cha jirani. Ukishalijua sikio, chagua hedifoni inayolipendeza. Ndipo utafute amplifaya yenye nguvu ya kuisukuma hedifoni hiyo, isipungue, na usiongeze kwa majivuno. Hicho cha kugeuza namba kiwe cha mwisho, maana tofauti zake ni ndogo, na taa za bluu haziimbi. Nenda dukani na wimbo unaoujua kwa moyo, usikilize kwa sauti ya kawaida, usione haya muuzaji akichoka. Na kama unamnunulia mtu, mchukue mwenyewe. Ukiona mkono wako unakwenda kwenye kubwa, jiulize unataka nani aione.

Wivu utakuja. Mimi ni bibi sasa, na Zaituni bado ni mzima, na akipita hapa na kanga mpya bado nageuza shingo. Usijidanganye kwamba utaung'oa. Lakini usimpe wivu pochi yako.

Mola akujaalie masikio mawili mazima, na mtu wa kukaa naye upande wake unaosikia. Akujaze riziki isiyo na majuto, na nyumba yako isikose sauti ya kukuita jina lako. Amina.