Kinyaa cha Nana Casilda

Hapa San Fermin mtu akikataa kikombe cha maji kwa jirani, huambiwa, "Nawe umekuwa Casilda?" Nana Casilda Agdeppa, muuza soseji za kitunguu saumu pale sokoni, alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na kigugumizi. Glasi huiosha kabla ya kunywa, na akishakunywa huiosha tena, kana kwamba hata mdomo wake mwenyewe hauamini. Nzi akitua mezani kwake, soseji zote za upande ule huenda kwa mbwa. Ujanani aliposwa na kijana mwenye shamba na nyati wawili, mtu na heshima zake, akamkataa kwa sababu alimwona akichokonoa meno kwa ukucha kisha akautazama ule ukucha. "Angechokonoa tu ningevumilia," alisema. "Cha kutazama ni nini?" Hajaolewa mpaka leo.

Watu humcheka. Lakini ni kwa sababu ya kinyaa hichohicho mama yake, alipozeeka, alimwachia yeye, si dada zake, kazi ya kumvisha Mama wa Mateso, sanamu ya Bikira Maria mwenye huzuni.

Huyo Mama ni wa nyumba ya akina Verzola. Kichwa na mikono yake vilichongwa enzi za Wahispania na fundi wa Kichina, na ndiyo maana macho yake yameinuka kidogo kwenye pembe kama ya wenye maduka wa kule chini. Kuanzia shingoni kwenda chini hana mwili. Ni fito zilizofungwa pamoja kama tenga la kuku. Fito hizo mwanamume hazioni. Akiingia mwanamke mwenye nguo za Mama mikononi, wanaume wote hutoka na mlango hufungwa. Hata awe askofu, atatoka.

Na liko jambo la pili. Ijumaa Kuu Mama huvaa nyeusi na kumsindikiza Mwanawe kaburini, na nguo zilizokwenda kaburini hazirudi ndani ya nyumba ya mtu. Basi Mama hubaki kanisani mpaka baada ya Pasaka, ndipo aliyemvisha huja kuanua matanga, amvue nyuma ya pazia, amvike nyeupe, arudishwe nyumbani. Ni mkono uleule, si mwingine. Na akigusa hata pini moja, msiba umeanza kuanuliwa, hauna budi kumalizwa siku hiyohiyo. Ndivyo tulivyolelewa, na asiyependa ahamie Manila.

Leandro Verzola alihamia Manila, na ingekuwa heri angebaki hukohuko. Mama yake alipofariki alirudi kurithi nyumba, akakuta mji hauna meya anayempendeza, akaamua meya awe yeye. Akabandika picha zake kila ukuta, meno tupu. Nana alimjua tangu akikojoa kitandani.

Jumatano ya Juma Takatifu, Nana alipanda ngazi za nyumba ile akiwa na Rosenda, binamu yake, wamebeba mahameli nyeusi iliyopigwa pasi, kila mmoja upande wake isije ikajikunja. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Mama wa Mateso alikuwa amesimama katikati, mtupu, fito nje. Kichwa chake kilikuwa juu ya meza, karibu na sahani ya ngozi ya nguruwe ya kukaanga na bakuli la siki. Mikono yake miwili ilikuwa imelazwa juu ya gazeti, kama miguu ya kuku inayongoja mnunuzi.

Mwanamume mnene wa Manila, mfanyabiashara wa vitu vya kale jina lake Quimpo, alikuwa akila. Alimaliza kipande chake, akatia kidole gumba mdomoni, akakinyonya, kisha akakisugua shavuni mwa Mama, palepale penye chozi.

"Unaona?" alimwambia Leandro. "Uchafu unatoka. Chini rangi ya zamani ipo salama." Akatema kidogo kwenye kidole, akasugua tena.

Kisha akachukua wigi la Mama lililokuwa limetupwa kwenye mgongo wa kiti. "Hizi nywele ni za juzijuzi tu, hazina maana," akasema, na akafutia vidole vyake humo.

Nywele zile zilikuwa za Nana. Alizikata akiwa na umri wa miaka ishirini, kutimiza nadhiri mama yake alipopona kipindupindu. Alisimama pale na mahameli yake mikononi. Nasema kweli, mimi ningetapika juu ya meza ile.

"Ah, Nana, karibu!" Leandro akasema, wala hakuona haya. "Umekuja wakati mzuri. Tusifichane bwana, nyumba hii imeoza, paa linavuja, na huyu Mama anazidi kuliwa na mchwa. Bwana Quimpo atampeleka mahali pa kumtunza."

"Umemuuza."

"Nimempeleka mahali pa kumtunza." Akavuta karatasi ya nailoni pembeni. Chini yake kulikuwa na Mama wa Mateso mwingine, kichwa na mikono ya plastiki ngumu, ananuka rangi ya gari, mashavu mekundu, mdomo kama wa mwimbaji wa baa aliyemaliza zamu. "Huyu hapa. Sura ileile, kipimo kilekile, vinaingia kwenye fito zilezile. Mvishe huyu, Ijumaa atoke. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe si mtu wa nje, Nana, wewe ni wa nyumbani. Sikiliza nikuambie, watu hawalii kwa sababu ya mbao. Watu wanalilia zile nguo. Nguo si zilezile?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nana alimtazama mtoto yule aliyewahi kumpangusa kamasi, akatazama mafuta yanayong'aa kidevuni mwake, akahisi hata hewa ya chumba kile imeshikwashikwa na mikono michafu.

"Mgeni wako anaondoka lini?" akauliza.

"Leo hii. Kabla majirani hawajaanza maswali kuhusu lile gari."

"Haya. Basi tokeni. Anavalishwa."

Hapo ndipo Leandro alipokosea, na kosa lile asingelifanya mtu wa mji mwingine. Yuleyule aliyekuwa akila mbele ya fito za Mama, alisikia lile neno akasimama palepale, kama alivyosimama kila mwaka tangu utotoni mama yake alipolitamka. Akajifuta mikono kwenye suruali. Akamvuta mgeni mkono wa shati.

"Twende, bwana. Anavalishwa."

"Lakini mzigo wangu sijaufunga..."

"Tutaufunga sisi," Nana akasema. "Huyo naye mtupu, au humwoni? Mwanamume hamfungi Mama akiwa mtupu. Bibi yako hakukufundisha?"

Inaelekea bibi yake alimfundisha, maana alishusha macho akatoka. Leandro mwenyewe ndiye aliyeufunga mlango.

Rosenda alikuwa analia. "Dada, sasa tunafanyaje?"

"Lete maji ya moto. Kwanza yangu, kisha yake."

Nana alinawa mpaka viwiko. Akampangusa Mama shavu kwa kitambaa kibichi, polepole, akibadilisha kitambaa kila mara, na kila alipoukumbuka ulimi wa yule mtu kwenye kidole, alianza upya. Wigi aliliosha kwa sabuni, akalisuuza, akalinusa, akaliosha tena. Kisha akapachika kichwa cha mbao na mikono ya mbao kwenye fito, mahali pake pa siku zote. Cha plastiki akakizungushia pamba ya Quimpo, vitambaa vya Quimpo na kamba ya Quimpo, akakilaza ndani ya sanduku la Quimpo vizuri kabisa.

Rosenda alipoelewa, alijiziba mdomo kwa kicheko. "Dada! Utakwenda motoni!"

"Nitakwenda nimenawa. Nipe pini."

Walipofungua mlango, Mama alikuwa amesimama na mahameli yake, shela imeshuka mpaka kwenye nyusi, uso umeinama kivulini. Leandro alimtupia jicho moja tu, kama mtu anayepita karibu na anayemdai. Quimpo alichukua sanduku lake akaondoka bila kulifungua, maana mwenyeji wake alikuwa akimsukumia kwenye gari.

Ijumaa Kuu Leandro alitembea mbele ya Mama na mshumaa mkubwa, akitabasamu kulia na kushoto kwa kadiri msiba unavyoruhusu. Karibu na duka la mikate simu ikatetemeka mfukoni. Akaiacha. Ikatetemeka tena. Akamsikiliza Quimpo, simu ameificha kiganjani, na tabasamu likaganda. Aligeuka akamtazama Mama, sasa kwa makini, kisha akarudi nyuma mpaka alipokuwa Nana.

"Nana, umefanya nini?" alinong'ona, huku akimpungia mkono mpiga kura.

"Nimevisha. Si ndiyo kazi yangu?"

"Sawa. Sawa. Jumatatu ukishamvua, atarudi nyumbani, na mambo yataisha kimyakimya."

"Nani amekuambia nitamvua?"

Hakumvua. Pasaka ikapita, watakatifu wengine wote wakavikwa nyeupe, Mama wa Mateso akabaki na weusi wake kwenye altare ya pembeni. Leandro alituma zawadi, zikarudi. Akatafuta mwanamke mwingine wa kuanua matanga, kila mmoja akamwambia aliyefunga ndiye afungue. Kumchukua kwa nguvu mbele ya kanisa zima hakuthubutu, uchaguzi ulikuwa mlangoni.

Kisha mvua zikaanza, na hapo ndipo Nana alipoanza kulipia. Kanisani kwetu hunyesha hata ndani. Ukungu mweupe ulipanda kwenye upindo wa mahameli, ukafika magotini. Popo wa darini walimnyea Mama begani. Wigi likashikana, likaanza kutoa harufu ya mbwa aliyelowa. Nana, mwenye kuosha glasi mara mbili, alikuwa akiketi benchi la mbele kila Jumapili na kuyaona yote, na hakuweza kugusa hata pini, maana angegusa, siku hiyohiyo Mama angerudi kwa Leandro.

"Nana, ananuka," paroko alimwambia.

"Najua, padri. Pua ninayo."

"Watu wanasema umemtelekeza."

"Waseme."

Alikonda. Rosenda anasema alikuwa akirudi nyumbani kutoka misani anaoga kama mtu aliyetoka kuzika.

Jumapili moja, wakati wa mageuzo ya mkate na divai, watu wote wamepiga magoti, mende mkubwa alitoka kwenye kola ya Mama. Alipanda kidevuni. Akasimama kwenye mdomo, akichezesha sharubu zake. Nana aliinuka nusu, leso imekunjwa mkononi, na mguu wake ukawa umeshatoka nje ya benchi. Ng'ambo ya njia, Leandro alikuwa ameinua kichwa. Hakumtazama mende. Alikuwa akiutazama mkono wa Nana.

Nana akapiga magoti tena. Mate yalikuwa yamemjaa kinywani, akayameza.