Kiti Kilichobaki Mbele ya Sekela

Usiku ule mvua ya Tukuyu ilikuwa imetulia kidogo, nami nililala mapema kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku yetu ya michezo. Kwa miaka minne kundi letu limekuwa likikutana kila Jumamosi mchana katika ghala la zamani la kahawa, watu kama ishirini hivi, kucheza drafti, keram, ludo na karata. Tulilianzisha wawili, mimi na rafiki yangu Sekela. Yeye alipita nyumba kwa nyumba kuita watu. Mimi nilishika ufunguo, meza na sheria. Mwaka jana Sekela akafariki kwa maradhi ya kifua. Kazi yote ikabaki kwangu, lakini kupita nyumba kwa nyumba sikuweza, au niseme ukweli, sikutaka. Nilikuwa natuma ujumbe kwenye simu, basi.

Mtu mmoja hakuwa na simu. Mzee Ambakisye alifiwa na mkewe zamani, akawa anaishi peke yake katika chumba nyuma ya soko. Siku moja, akicheza drafti, aligusa kete kisha akairudisha. Nikamkemea mbele ya watu wote. "Mzee, hapa ukigusa umecheza. Kama sheria zetu huzitaki, kaa nyumbani." Alivaa kofia yake akaondoka. Jumamosi mbili zikapita hajaonekana. Nikajiambia amenuna, atarudi mwenyewe.

Basi nikaota nimefika ghalani, mchana, na mlango uko wazi. Nikashangaa, maana ufunguo ninao mkononi. Ndani meza zimepangwa vizuri kuliko ninavyozipanga mimi, na watu wamejaa, wote wamenipa mgongo. Wanacheza kimya. Nilizoea kelele, kete zikigongwa, watu wakitaniana. Pale sisikii hata pumzi. Nasogea meza ya kwanza, naona vidole vinatembea juu ya ubao, lakini kete hakuna. Ubao mtupu. Mmoja anageuka kunitazama. Ni baba mdogo, tuliyemzika nikiwa bado msichana. Aliyekaa naye ni mwalimu wangu wa darasa la nne. Natazama meza nyingine, na nyingine, na nywele zinanisimama. Hakuna hata mmoja aliye hai.

Sekela amekaa mwisho wa ukumbi, kanga yake ya kijani mabegani, kama alivyokuwa akikaa siku zote. Mbele yake kuna kiti kitupu. Nataka kumkimbilia, nataka kulia, lakini miguu inakwenda taratibu kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nikanyoosha mkono nivute kile kiti.

"Hicho si chako," akasema.

Sauti ilikuwa yake, ila haikuwa na joto lolote.

Mara ghala halipo tena. Tuko sokoni, meza zote zimepangwa kwenye matope, na wale watu bado wanacheza, mvua inawapiga wala hawalowi. Mlango wa chumba kimoja unafunguka. Mzee Ambakisye anatoka, hana kofia, hana viatu, shati limemganda mwilini. Anatembea kuelekea kile kiti. Hanioni. Anapita karibu yangu kabisa, nahisi joto la mwili wake kama la jiko, na ndipo ninapoelewa kwamba kati ya wote waliopo pale, ni yeye peke yake mwenye joto.

"Sekela," namwambia, "usimpokee. Nakuomba."

"Mimi sikumwita, Mama Neema," anasema bila kuinua macho. "Wewe ndiye uliyemfukuza."

Mzee ameshika mgongo wa kiti. Nataka kumwita, ulimi umekufa. Wale watu wote sasa wameacha kucheza, wamegeuka, wananitazama, wanasubiri. Baba mdogo anamsogezea mzee kiti kwa upole sana. Upole ule ulinitisha kuliko kitu kingine chochote.

Sekela akainua macho. "Nenda kwake," akasema. "Kwa miguu yako."

Nikapiga kelele nikiliita jina la mzee, na mume wangu akanitikisa. "Mama Neema! Mama Neema! Unaota. Ambakisye ni nani?"

Nilikuwa nimelowa jasho, meno yanagongana. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Nilijifunga kanga, nikatoka, naye akanifuata na mwavuli akiniuliza maswali njia nzima. Nilibisha mlango wa mzee. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mume wangu akausukuma kwa bega.

Alikuwa sakafuni kando ya kitanda, midomo imepasuka, mwili unaunguza. Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba," nikasema, kwa kuwa sikupata neno jingine. Alichelewa sana kujibu. Kisha, kwa sauti ndogo, "Marahaba." Nikaanza kulia kwa nguvu kama mtoto.

Tulimpeleka kituo cha afya kwa bajaji ya jirani. Ilikuwa homa ya mapafu. Siku ya nne aliweza kukaa, na nilipomwomba radhi alinitazama. "Nani alikwambia ninaumwa?" akauliza. Nikasema nilipita tu. Hakuamini, lakini hakuniuliza tena.

Siku hizi kila Ijumaa napita kwa miguu, nyumba moja moja, hata kwa wenye simu. Watu wanadhani ni bidii. Ni woga. Sekela nilimpenda kuliko dada zangu wa damu, na namwombea kila ninapolala. Kisha nazima taa, namwomba asirudi.